Kutoa ni Kutoka

Meurig, uliniachia ekari mia moja na thelathini,
kondoo ambao ulijua hata tabia za mama zao,
na kopo la biskuti lililojaa risiti.
Wosia hukuacha. Ulisema wosia hukiita kifo
kama chumvi iwaitavyo kondoo.
Kilikuja bila kuitwa, Jumanne, katikati ya kunyoa sufu.

Sasa nina miaka sabini na minne. Daktari wa Aberaeron
akisikiliza kifua changu siku hizi hukawia.
Basi nikaanza kutafuta mtu
wa kukipigia hesabu kifo changu.

Wa kwanza alikuwa na ofisi ya vioo kule Cardiff,
tai ya hariri, na kijitabu cha picha
chenye wazee wanaocheka kwa meno yote thelathini na mawili.
Aliniita mteja wa thamani
kabla hajajua jina langu linatamkwaje.
Akachora visanduku na mishale: shamba linaingia hapa,
linatokea pale limevaa jina la kampuni,
na serikali inabaki mlangoni imeduwaa.
Nikamuuliza, "Na ikikataa kuduwaa?"
Akatazama saa.
Ujira wake ni asilimia ya mali yote.
Nikayaona malisho ya chini, yale ya mtoni,
yakiondoka na ile tai.

Binamu yako Hefin, yeye ni wa bure.
Alinimalizia chai akisema, "Mwandikie Ifan nyumba leo,
ubaki humo humo. Nani atajua?"
Ndiye huyo huyo aliyekushauri
ununue lile trekta la buluu.

Tegwen Prosser ana chumba kimoja Lampeter,
juu ya fundi viatu; ngazi zinalalamika kukuzidi wewe.
Kabla sijavua koti aliniandikia bei,
saa moja kiasi hiki, barua kiasi hiki.
Nikaomba cheti. Akakishusha ukutani,
kikaacha mraba safi kwenye rangi iliyofifia,
nami nikakisoma mpaka mhuri.
Hakuchora kisanduku.
"Nani huamka usiku kondoo wakizaa?"
Ifan.
"Na Lowri?"
Lowri yuko Leeds. Hupiga simu kila Jumapili
na haulizi chochote.
"Umewauliza wao?"
Bado.
"Basi mimi bado sina kazi."

Nikamweleza ushauri wa Hefin. Akavua miwani.
Ukiigawa nyumba, alisema, nawe ukabaki ndani
unachochea jiko lile lile, unalala kitanda kile kile,
mbele ya kodi hujagawa kitu.
Watu husema kutoa ni moyo, Meurig.
Kumbe kutoa ni kutoka:
ama nihame, ama nimlipe mwanangu pango la haki
kama mpangaji aliyeletwa na mvua,
kisha niishi miaka saba.
Saba! Usinisubiri mapema.

Nikamuuliza habari ya kile kijisitu cha mialoni.
"Sijui," akasema. "Nitamuuliza anayejua,
nikuandikie Ijumaa."
Ijumaa barua ikafika.
Hapo ndipo nilipomchagua.
Nimeolewa miaka arobaini na sita, nimekaa
na wanaume wa soko la mifugo, wachungaji wa kanisa, na wewe:
neno hilo sikuwa nimelisikia.

Lowri alikuja kwa treni. Niliweka kopo mezani.
Ardhi haitaki, alisema, wala fedha
ambazo Ifan angelazimika kuuza ng'ambo ya mto kuzipata.
"Nataka tu niwe naweza kuja bila kubisha hodi."
Tegwen anasema sheria haina fomu ya jambo hilo.
Ameliandika hata hivyo, kwenye barua ya matakwa yangu,
na hakunitoza.

Ifan hakusema kitu. Alichukua tochi
akaenda kuwatazama kondoo wenye mimba.
Nilimsikia akifunga lango,
lile alilozoea kulibamiza tangu utotoni,
taratibu,
kama lango la mtu mwingine.