Filamu Isiyo na Jalada

Niliinunua Kibuye, shilingi thelathini,
kwa kijana aliyeuza pia kamba za viatu na dawa ya panya.
Juu yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu
neno moja: WAZUNGU.
"Ni ya mapigano?" nikamuuliza.
"Ni ya watu," akajibu, akageukia mteja mwingine.

Tuliitazama Jumanne, siku ya mashine.
Dada yangu Akeyo alikuwa ametoka Russia.
Sisi wa Kisumu tukisema Russia hatusemi nchi,
tunasema hospitali, foleni, na mtambo
unaozungusha damu ya mtu nje ya mtu
kwa saa nne, kisha unamrudishia kama chenji.
Tukamlaza kwenye kochi.
Risper, mkubwa wetu, akaketi na daftari lake:
teksi, dawa, maji ya kupimwa kwa kikombe,
maana Akeyo haruhusiwi zaidi ya vikombe viwili kwa siku
katika mji uliolala kando ya ziwa lote lile.

Theluji. Nyumba ya mbao, ya ghorofa.
Wanawake wenye vifungo kuanzia kidevuni hadi kiunoni,
farasi anayetoa moshi puani.
Maandishi chini, hakuna.
"Ni Kijerumani," Risper akasema.
"Ni Kiswidi," akasema Akeyo,
aliyewahi kufundishwa ushoni na mmishenari wa huko.
"Sikia wanavyovuta pumzi ndani wakisema ndiyo.
Kama nyanya wa Seme."

Basi tukatafsiri wenyewe.
Juu kuna mama mgonjwa. Hilo halikuhitaji mkalimani:
kikohozi hakina sarufi.
Binti mmoja anapandisha supu, mwingine anashusha beseni.
Shangazi anahesabu vijiko vya fedha
(Akeyo akamtazama Risper; Risper akafunga daftari).
Na baba, mwenye ndevu na saa ya mnyororo,
kila usiku anapanda ngazi,
anafika mlangoni,
anashika kitasa,
anashuka.

Mara tatu. Mara nne.
"Huyo ana nini?" Risper akafyonza. "Si aingie!"

Sikusema kitu.
Katika mfuko wa shati langu mlikuwa na karatasi ya maabara,
ina wiki tatu, imelainika kwa jasho kama noti kuukuu:
damu yangu na yake zimetoka chungu kimoja.
Figo yangu ya kushoto ingemfaa.
Niliwaambia majibu hayajatoka.
Niliwaambia kifaa cha maabara kimeharibika,
na kwa kuwa vifaa vya kwetu huharibika, wakaniamini.

Nina mke mwenye mimba. Nina kazi ya kubeba saruji.
Na kisu nakiogopa.
Nimetafuta sababu kubwa kuliko hizo, sikuipata.

Baba akapanda tena. Safari hii hana mshumaa.
Mkono ukafika kwenye kitasa, kitasa kikazunguka,
stima ikapotea.

Manyatta nzima ikasema "Aaai!" kwa sauti moja,
kisha vyura, kisha jenereta ya baa huko Kondele,
kisha pumzi ya Akeyo, ambayo gizani ina maji ndani yake.
Risper akaenda kutafuta kiberiti,
akagonga meza, akailaani kampuni ya stima na ukoo wake.

"Okumbe," Akeyo akaniita, polepole,
"unadhani aliingia?"

Sijui alichokuwa anajua. Mgonjwa husikia karatasi
hata ikikunjwa vyumba viwili kando.
Nikapapasa mkono wake, nikaupata pale penye mshipa
ulioshonwa kwa ajili ya mashine,
unaovuma chini ya ngozi kama nyuki ndani ya chupa.
Nikavuta pumzi kwa ndani,
kama watu wa theluji, kama nyanya wa Seme.

Risper akarudi, akawasha njiti.
Akatukuta tumenyamaza,
akadhani tunasubiri stima.