Tuta la Mwisho

Mpira ulikuwa wa kijani, wa baba,
ulinyonya ziwa pale Igombe, ukalitapika mchichani:
matuta kumi na moja, toka kwenye pampu hadi uzio wa katani.
Niliukata kwa kisu cha kupaa samaki.
Hatua nne. Nilipima kwa miguu ya miaka kumi na miwili,
kwa hiyo labda tatu na nusu.

Faneli niliazima kwa Ngolo, muuza mafuta ya taa
(mimi nasema kuazima;
yeye hadi leo anatumia neno jingine).
Shingo ya chupa ya soda, nikaifunga kwa utepe wa tyubu ya baiskeli.
Nikabana midomo.
Sauti ya kwanza ilikuwa ya ndama aliyekanyagwa.
Ya pili pia.
Ya arobaini ikasimama,
wima, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake,
na mbwa wa jirani akaketi.
Mpaka sasa noti za juu hunijia na harufu ya koroboi.

Jioni baba akawasha pampu.
Maji yakaenda, yakaenda,
yakaishia tuta la kumi.
Akautazama mpira. Akaitazama ile ncha.
Akanisikia nyuma ya jabali nikilia kama ndama.
Hakusema kitu.
Alichukua ndoo.

Pembe yenyewe nilipewa na bendi ya parokia,
ya shaba, imejikunja kama utumbo wa mbuzi,
mdomo wake mpana umebonyea upande
tangu iangukiwe na spika siku ya Pasaka.
Vali ya tatu hugoma mvua ikinyesha.
Naitia mafuta ya cherehani.
“Ukiinyoosha yote,” akasema Mwalimu Kashinje,
“utapata kama hatua nne.”
Nilicheka hadi akaudhika,
na sikumweleza.

Sasa tuna konseto.
Aliyeitunga alikufa kabla reli haijalifikia ziwa,
na mimi naifanyia mazoezi darasa la tano, Nyakato,
ubaoni kuna sehemu na asilimia ambazo hakuna aliyezifuta.
Nestori mfamasia ndiye okestra nzima:
fidla mkono wa kulia, wengine wote kushoto.
Ukurasa wa tatu una vipimo ishirini na vitatu vya kunyamaza.
Naviogopa kuliko noti.
Nahesabu kwa vidole vya miguu, ndani ya kiatu,
huku namwaga maji ya pembe pembeni.
Watoto dirishani husema ni mate.
Ni pumzi tu, imepoa njiani.

Halafu ile noti.
Sehemu ya polepole, karibu na mwisho:
vipimo vinne, pumzi moja, na iwe laini.
Wiki ya sita hii inanifia palepale, kipimo cha tatu.
Kashinje anasema, vuta toka tumboni.
Nestori anasema, tangawizi.
Jumapili niliipeleka ufukweni,
kivuko cha Kamanga kikapiga honi, robo sauti chini yangu,
kirefu, bila jasho, kama kinanidhihaki.

Jana umeme ulikatika hapo hapo.
Kinanda kikazimika, lakini vidole vya Nestori vikaendelea,
ta-ta-ta, plastiki kavu gizani,
okestra ya kucha.
Na mimi nilikuwa nimeshaingia kwenye noti,
sikuwa na mahali pa kurudi.
Niliacha kuhesabu vipimo.
Nilisikia pampu ikikohoa, ikashika.
Tuta la kwanza, la pili, udongo ukigeuka mweusi,
la tano, na vyura,
la nane, mpira umejipinda kidogo, nikaunyoosha kwa mguu,
la tisa,
la kumi, hapa maji yalikuwa yakikoma,

hapa ndipo mtu mzima, bila neno,
anainama anachukua ndoo.