Swali la Kumi na Moja

Saa tisa na nusu alasiri, Dundee, na jua limeshafunga duka.
Mto Tay una rangi ya sufuria iliyosuguliwa kwa majivu.
Nimeshika fomu. Nina kalamu mbili, moja haiandiki.
Wodi inanuka mkate wa kuchomwa na dawa ya sakafu,
na Bwana Petrie amekaa dirishani, viatu vyake ndimi nje,
kwa sababu mimi ndiye niliyezichomoa kamba zake jana.
Nilimwandikia risiti: kamba za viatu, jozi moja. Mkanda, mmoja.

Darasani walitufundisha majina.
Sonona. Wasiwasi. Kusikia yasiyosikiwa na wengine.
Bi Rennie aligonga meza: mgonjwa si ugonjwa wake,
asije mtu akaniambia "sonona ya kitanda cha nne."
Niliandika. Nikapiga mstari. Nikapiga wa pili.
Kwetu Korogwe tulikuwa na jina moja tu, likatosha wote:
kichaa.
Lilimtosha mjomba Mbaruku, karani wa mizani kiwandani,
alipoanza kusikia magunia yakimsema.
Tulimfunga kwa kamba ya katani chumba cha uani,
si kwa ukatili, watu walilia huku wakikaza,
na mimi, mwenye miaka tisa, nilipelekwa na uji,
nikautua kizingitini, nikakimbia.
Hakuna aliyemwuliza magunia yalisema nini.

Swali la kwanza: usingizi. La pili: chakula.
Ananijibu kama mtu anayelipa deni kwa senti senti.
La sita: kuna kitu bado kinakufurahisha?
Anautazama mkono wake. "Kilikuwapo."
La kumi nalisoma taratibu mno.

La kumi na moja lina neno
ambalo mama yangu hulikwepa kama kisima gizani.
Kwetu husemwa "alichoka,"
husemwa "yalimshinda," kisha sauti hushushwa, mlango hurudishwa.
Tulifundishwa: uliza wazi. Kuuliza hakupandi mbegu.
Rahisi kuyaandika hayo kwenye mtihani. Nilipata tisini na moja.

"Bwana Petrie, unafikiria kujiua?"

Birika la umeme likanguruma. Mtu akacheka kwenye runinga.
Sikuongeza neno. Hilo nalo tulifundishwa: kunyamaza
ni kazi, ina jasho lake.
"Kila alfajiri," akasema. "Tangu Februari.
Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza. Binti yangu huniuliza kama nimekula."

Hakulia. Mimi ndiye niliyetafuta leso mfukoni
nikakuta ile kalamu isiyoandika.

Nikamwambia hili silifichi, litafika kwa muuguzi wa zamu, usiku huu huu.
Akaitikia kwa nyusi. Halafu akazungumza
hadi taa za barabarani zikawaka. Kiwanda cha juti,
miaka kumi na saba, kelele mpaka wakazoea kusomana midomo.
Magunia. Nikasema kwetu ni mkonge.
Akauliza kama unachoma. Nikamwonyesha kovu.
Akavuta uzi uliolegea kwenye mkono wa sweta, akaukata kwa meno,
akafunga fundo la wafumaji, vidole vikikumbuka
wakati yeye mwenyewe anatazama pembeni.
"Zamani sekunde mbili," akasema. "Sasa hebu tazama. Dakika nzima."
Alikasirika kidogo. Nilifurahi kumwona amekasirika.

Kwenye fomu waliacha mstari mmoja wa jibu.
Nikageuza karatasi, nikaendelea nyuma.

Usiku, ndani ya basi, vioo vina ukungu, nikampigia mama.
Kwao watu walikwisha lala.
Mama, nikasema, mjomba Mbaruku,
yale magunia yalikuwa yakimwambia nini?
Kimya. Mbwa akabweka Korogwe, nikamsikia.
"Mbona waniuliza hayo leo?"
Basi likapita kituo changu.
Sikuongeza neno.