Kilo za Maji

Miaka ishirini na sita nilipima chai pale Katumba.
Masika ilipobana, majani yakija yanachuruzika,
nilikata kilo mbili kila mfuko: kilo za maji.
Wakulima walininunia. Tupokigwe akiwachekea:
"Msimlaumu, hata mimi hunikata nikitoka kuoga."

Leo ameniita kutoka chumbani:
"Wewe karani, mume wangu yuko wapi?"
Nikamwambia anakuja.
Ni jibu linalotuliza. Nilishalitoa mara nne kabla ya uji.

Ufunguo wa mlango naufunga mkononi kwa kamba ya katani,
kwa sababu mwezi wa tano alitoka saa nane usiku,
mvua ya Tukuyu inamwagika,
tukamkuta mgombani anapuliza moto usiokuwepo
amchemshie mama yake viazi.
Mama yake tulimzika kabla ya Lusajo kuzaliwa.
Tangu hapo nalala kama mbwa, sikio moja wima.

Watu wanakuja, wala hawaji mikono mitupu.
Mkungu wa ndizi, maziwa, sukari robo.
"Mama anaendeleaje?"
Mchungaji anamwombea mama.
Lusajo anapiga simu kutoka Tunduma: "Mama amekula?"
Amekula, nasema. Simwambii nilichokula mimi
kwa kuwa sikumbuki,
na neno hilo, sikumbuki,
limeota meno ndani ya nyumba hii.

Hili sijamwambia mchungaji.
Jumanne nilimkamata mkono kwa nguvu.
Alikuwa amemwaga uji mara ya tatu, anacheka.
Alama nne za vidole zilikaa hadi jioni.
Akanitazama, akaniamkia kwa adabu
kama mtu aliyepishana na mgeni njiani:
"Ugonile?"
Salamu tu. Lakini ndani yake imo: umelala?

Nilitoka, nikafunga mlango, nikashuka hadi darajani
pale mto unapojibana kati ya mawe.
Nikayasikiliza maji.
Sikuogopa, na hilo ndilo lililoniogopesha.
Kilichonirudisha si ujasiri, wala si maombi.
Ni ufunguo. Ulikuwa kwangu, na yeye ndani.

Zahanati, nesi Atuganile alimpima presha,
akaufungua ule mkanda, akaufunga kwenye mkono wangu.
"Na wewe, baba? Unalalaje?"
Nilifungua mdomo nijibu kikarani, kwa tarakimu.
Yakatoka maji.
Hakuyakata. Alivuta stuli, akakaa,
foleni nje inakohoa, naye amekaa.
Akasema nimeugua, na kwamba ugonjwa wangu
una faili lake, si ukurasa wa nyuma wa faili la mke wangu.
Akanipa tarehe. Akaniuliza namba ya Lusajo.

Sasa Alhamisi binti wa jirani anakaa naye saa mbili.
Mara ya kwanza nililala juu ya magunia ya mahindi, na viatu.
Niliamka nikiona haya, kama nimeiba.

Jana Tupokigwe aliushika mkono wangu,
akapapasa pale kamba ilipochimba,
akapapuliza, vile alivyompulizia Lusajo magoti.
"Nani amekufunga?"
Nilitafuta jibu linalotuliza.
Nje chai ilikuwa imelowa, bonde zima,
na uji ulianza kufurika.