Genge

Jumatatu, Jomvu Kuu, saa moja na robo.
Ufa juu ya ukuta wa kaskazini: milimita kumi na nne.
Urefu wake hatua thelathini na moja,
kisha wapotelea kwenye mizizi ya mkilifi.
Nimepiga misumari miwili, mmoja huku, mmoja ng'ambo,
na katikati nimegandisha kwa saruji kipande cha kioo,
kioo cha dirisha, chembamba, nilichomwomba fundi wa Miritini
bila kumweleza ni cha nini.
Kioo hakijui kupinda. Ndiyo maana nakiamini.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta:
twakariri hivyo tangu darasa la tatu.
Ufa huu hauzibiki. Wataka kuhesabiwa
asubuhi na jioni, kama mgonjwa apimwaye homa.
Na ukuta huu hakuna aliyeujenga.
Ndio uliobaki tulipochukua mengine yote.

Lugha yetu ina ubahili wake.
Ukingo wa jabali, genge.
Watu wa kibarua walio chini ya ukingo, genge.
Nasimama juu ya la kwanza
nikitazama utosi wa la pili:
Umazi, Mbeyu, mama Kadzo na bintiye,
wameketi juu ya matairi yaliyokufa,
vidole vimevishwa vipande vya ndara, nyundo zapanda, zashuka,
kokoto za nusu inchi, kokoto za robo tatu, debe kwa debe,
sakafu za ghorofa za Nyali
ambazo ngazi zake hawatazipanda.

Mchoro ulioko ofisini wasema digrii hamsini na tano,
na vidato vitatu vya kupumzisha mlima.
Kipimo changu chasema sabini na tatu.
Kidato ni kimoja, nacho kimeliwa pembeni kama mkate.
Bwana Shalo ameniletea fomu, na kalamu yake mwenyewe.
"Andika imara, dada. Malori tisa yako getini."

Jumanne, kumi na nne.
Jumatano mvua, usiku kucha, juu ya mabati.
Sikulala. Nilikuwa nikisikia maji yakiuliza njia.
Alhamisi, kumi na tisa.
Ijumaa kioo kimekatika,
mstari mmoja, msafi, kama unywele kwenye sahani.

Niliandika: si imara.
Kalamu ni ya Shalo, mwandiko ni wangu.

Wakafunga utepe mwekundu. Wakahamisha matairi
hadi upande wa kusini, kusiko na kivuli,
mbali na malori, na kila debe likapungua shilingi tano
kwa ajili ya mkokoteni.
Wiki ya pili, ishirini na tatu.
Wiki ya tatu, ishirini na tatu.
Mvua imekwenda zake. Ukuta upo.

"Mwanangu," aniuliza Umazi, "ukuta wako waanguka lini?
Nataka nimpe jibu mwenye nyumba."
"Wakuonea haya," asema Mbeyu, nao wacheka,
nami nacheka, vumbi likiningia mdomoni.

Nitasema jambo ambalo fomu haina nafasi yake.
Jana, peke yangu, saa kumi na mbili jioni,
nilikanyaga ukingoni kwa kisigino, mara mbili,
nikautamani uanguke.
Uanguke tu, kusiwe na mtu, nionekane nilijua.
Kisha nikaona aibu, nikarudi nyuma hatua kumi,
kama kanuni isemavyo.

Leo nimegandisha kioo kipya.
Umazi amepanda nami, amenishikia ndoo ya saruji.
Kabla sijakilaza, amekitazama,
ameuona uso wake, ameifunga leso yake upya.
"Haya," asema. "Angalau chajua na kazi nyingine."

Nimesoma kipimo kwa sauti: ishirini na tatu.
Naye akarudia, ishirini na tatu,
taratibu, kwa sauti ile ile
anayohesabia madebe yake
mbele ya mtu anayeweza kumpunja.