Sekunde Nne

Kazi ya muhula: chagueni video moja ya muziki,
zimeni sauti, hesabuni mikato.
Mwalimu Nkulu alisema hivyo huku akifuta ubao kwa mkono wa koti,
nasi thelathini na wawili tukagawana kompyuta tano
na umeme wa kubahatisha.

Nilichagua ile ya kijana wa Kamalondo
ambayo kila kinyozi aliicheza Desemba nzima.
Bila sauti, mtu anayeimba ni mtu anayetafuna.
Niliandika: gari jekundu, sekunde moja.
Miwani, nusu sekunde.
Wasichana watatu wanauchekea ukuta.
Gari tena, na sasa najua ni la kukodi,
kibandiko cha bei hakikubanduka vizuri kiooni.
Mlima mweusi wa taka za shaba, umepigwa kutoka juu,
ukafanywa uonekane mali ya mwimbaji.
Mikato mia moja na minane kwa dakika tatu na nusu.
Hakuna kilichoachwa kitazamwe
hata muda wa kuulizana, "Na nyumbani, wazima?"

Ila mahali pamoja.
Dakika ya pili na sekunde kumi na moja,
labda mhariri alisinzia, labda umeme ulimkatikia kama sisi,
picha inakaa sekunde nne.
Mwimbaji kainua mkono. Nyuma yake njia ya vumbi jekundu,
na mama mmoja anakatiza, ndoo kichwani,
maji yakimvujia begani. Anaitazama kamera
jinsi unavyoutazama mlango wa jirani uliobamizwa,
kisha anatokea kushoto,
na video inarudi kukimbia.

Niliandika kurasa sita juu ya yule mama.
Nilipima kivuli chake: yapata saa tatu asubuhi.
Nilihesabu hatua zake: saba.
Nikasema katika video nzima
yeye peke yake ndiye aliyekuwa na pa kwenda.
Mwalimu akanipa kumi na moja kwa ishirini,
na kwa wino wa kijani: Nje ya mada. Lakini umeona.
Mpaka leo sijui lile "lakini"
liliongeza alama au lilipunguza.

Muhula wa pili: pangeni video yenu wenyewe.
Msanii wangu ni Yav, anasoma sheria, anaimbia puani.
Tuna betri mbili, simu ya shemeji yake,
na Jumamosi moja.
Nimechora vyumba kumi na viwili kwenye daftari la hesabu.
Yav anataka gari, nimempa ngazi.
Anataka moshi, nikamwambia majirani watapika.
Chumba cha nane kilikaa kitupu wiki mbili.

Ndipo nikaenda Katuba na ile fremu, imechapwa nyeusi na nyeupe,
nikauliza bomba hadi bomba.
Watu waliitambua ndoo kabla ya uso.

Mama Chansa alikuwa anasonga bukari.
Akaipokea karatasi kwa vidole vyenye unga,
akaitazama zaidi ya sekunde nne, zaidi sana,
bukari ikaanza kushika chini.
"Iyi ndoo," akasema, "ilikuwa na tobo. Nilisha kuitupa."
Halafu: "Balimulipa ngapi, ule kijana?"
Nilikuwa nimehesabu kila kitu isipokuwa hicho.

Nikamweleza mpango: apite tena,
polepole, ndoo nzima, jua la asubuhi,
nikamwonyesha mshale nilioupigia rula.
Akaufuata kwa kidole, kulia kwenda kushoto,
mpaka ukingoni mwa karatasi. Pale akasimama.
"Kupita, minapita kila siku," akasema.
"Iyi mara unipige mwenye kuikala."

Nimeufuta mshale. Raba imeacha waa.
Chumba cha nane: kiti cha plastiki, mama, sufuria.
Yav ameuliza yeye atasimama wapi.
Palipoandikwa "muda" bado sijajaza.