Kigoma cha Kiboriloni

Nilikikuta Kiboriloni kimejaa vitunguu,
ngozi imetoboka, nyaya zinaning'inia kama kamba za viatu.
"Elfu nane," akasema Mama Ndeshi,
"na vitunguu unaniachia."

Wiki tatu bandani kwangu, Njoro:
rangi ya kijani, chini yake nyekundu,
chini yake nyeupe ya bendi ya kanisa,
ndipo shaba. Ndimu na majivu.
Skrubu moja ilikatika, nikatukana.
Ndani, mtu amekwaruza kwa msumari:
ELIFURAHA. USIGUSE.

Nimegusa, Elifuraha.
Nimewamba ngozi ya mbuzi,
nyaya nimezichomoa kwenye breki za baiskeli,
sikuwa na nyingine.

Vigoma vingine kumi na viwili viko kwenye rafu,
vimenyamaza kwa adabu.
Hiki hakina.
Lori la ndizi likipita, kinanong'ona.
Nikikohoa, nacho kinakohoa.
Usiku mke wangu hukizima kwa kile kikono cha ubavuni;
asubuhi nakiwasha.

Jana nililisoma lile jina kwa sauti,
mara moja tu, kitambaa kingali mkononi.
Nyaya zikatetema.
Sijui kama ni kuitika
au ni karipio.